Jinsi ya kupima msuguano na ukinzani wa umeme kwa vitu vya nyumbani, na kwanini skrubu iliyolegea inayeyusha plagi

Kuna kipindi plagi ya pasi yangu ilikuwa inapata moto mpaka huwezi kuishika, na pasi yenyewe inafanya kazi vizuri tu, waya wake hauna shida, soketi mpya, ila kwenye mguu mmoja wa plagi plastiki ilishaanza kuwa ya kahawia. Nikachomoa, nikafungua, nikakuta skrubu inayobana waya imelegea kidogo, kama nusu mzunguko hivi. Nikakata kile kipande cha waya kilichoungua mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikafunga upya nikakaza, moto ukaisha. Siku ile ndo nikaelewa kitu nilichokuwa nimekikariri tu shuleni, kwamba msuguano na ukinzani wa umeme, yani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, hazikai mbali mbali kama zilivyo kwenye daftari, zinakutana pale pale vitu viwili vinapogusana. Nataka nikuonyeshe jinsi ya kuzipima zote mbili mwenyewe, kwa vitu ambavyo vingi unavyo tayari, halafu tukirudi kwenye ile skrubu utaona kila kitu kinakaa sawa.

Tuanze na msuguano kwasababu hauhitaji hata mita.

Tafuta ubao laini au kitabu kikubwa chenye jalada gumu, rula, na vitu vidogo vya kujaribia, kipande cha mbao, sarafu, raba ya kufutia. Weka kitabu mezani, weka kipande cha mbao juu yake, halafu inua upande mmoja wa kitabu taratibu sana mpaka kile kipande kianze kuteleza, ukifika hapo simama hapo hapo usitikisike. Sasa pima vitu viwili, kimo cha ncha uliyoinua toka mezani, na umbali wa mezani kutoka ncha inayogusa meza mpaka usawa wa chini ya ile ncha ya juu. Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Mfano kimo kimekuja sentimita 14 na umbali wa chini ni 40, basi 14 kwa 40 ni 0.35, na hiyo ndo namba ya msuguano kati ya hivyo vitu viwili. Mbao kwa mbao mara nyingi inaangukia kati ya 0.25 na 0.5, raba utaona inang'ang'ania mpaka kitabu kisimame mwinuko mkali kabisa, na ukijaribu kitu kwenye sufuria yenye ile tefloni isiyogandisha inateleza mapema mno, chuma juu ya tefloni ni kama 0.04 tu.

Rudia mara tano au sita kila kitu, chukua wastani. Usipoona majibu yanafanana kabisa usidhani umekosea, msuguano uko hivyo, vumbi kidogo au jasho la vidole linabadilisha namba, kwahiyo futa sehemu zote mbili kwa kitambaa kikavu kabla ya kuanza.

Sasa fanya hili ambalo mi bado linanishangaza hata leo. Pandisha kitu kingine juu ya kile kipande cha mbao, uzito uwe mara mbili, inua tena. Kinateleza kwenye mwinuko ule ule. Watu wengi wanategemea kitu kizito kitangulie kuteleza au kichelewe, lakini hapana, uzito ukiongezeka nguvu inayokivuta chini inaongezeka na nguvu inayokibana kwenye kitabu nayo inaongezeka kwa kiwango hicho hicho, zinafutana. Halafu kigeuze kipande kikae kwa ubavu wake mwembamba, eneo linalogusa kitabu limepungua labda nusu, inua. Mwinuko ule ule tena, au karibu sana. Kwahiyo eneo unaloliona kwa macho halina kazi kwenye msuguano? Mfaransa Guillaume Amontons aliyapeleka mambo haya mawili kwenye Akademi ya Sayansi ya Ufaransa mwaka 1699, msuguano unakwenda na nguvu ya kubana na haujali ukubwa wa eneo, na wenzake hawakulikubali hilo la eneo kirahisi. Leonardo da Vinci alishaliona karibu miaka 200 kabla yake ila lilibaki kwenye madaftari yake, halikuchapishwa.

Jibu la kwanini lilichelewa sana, na jibu lenyewe ndo moyo wa jambo lote hili. Chukua kitu chochote unachokiona laini, kioo, chuma kilichosuguliwa kikang'aa, ukikikuza vya kutosha ni vilima na mabonde. Ukiweka kimoja juu ya kingine ni kama umechukua safu ya milima ukaipindua ukailaza juu ya safu nyingine, zinagusana kwenye vilele tu. Eneo linalogusana kweli kweli ni sehemu ndogo mno ya lile unaloliona. Ukibana zaidi vile vilele vinabonyea, vingine vipya navyo vinafika kugusana, eneo la kweli linakua sawasawa na nguvu ya kubana. Ndo maana ukikilaza kipande kwa ubavu hakuna kinachobadilika, vilele vichache zaidi lakini kila kimoja kinabeba mzigo mkubwa zaidi, jumla inabaki ile ile.

Unajua walijuaje kwamba eneo la kweli ni dogo hivyo? Kwa umeme. Mwaka 1939 Bowden na Tabor, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cambridge Uingereza, walibananisha vipande vya chuma wakapitisha umeme katikati yake wakapima ukinzani, kwasababu umeme unapita pale tu chuma kinapogusa chuma, penye nafasi ya hewa haupiti, kwahiyo ukinzani unakuambia milango iko mingapi na mipana kiasi gani. Wakabana zaidi ukinzani ukashuka. Yani mtu anayetaka kuelewa msuguano aliishia kuchukua mita ya umeme. Shika hilo tutalirudia.

Kabla hatujaacha msuguano kuna jambo moja la barabarani ambalo kila anayeendesha anatakiwa alijue. Kitu kikishaanza kuteleza kwa kawaida msuguano unapungua, utaona hata kwenye kitabu, ukikigusa kidogo kipande kikianza safari kinaendelea hata kwenye mwinuko ambao mwanzo kilikuwa kimetulia. Tairi inayozunguka, pale inapogusa lami haitelezi, imetulia kwa muda ule mfupi, ila ukikanyaga breki mpaka tairi ifunge iburuzike umehamia kwenye msuguano mdogo zaidi na usukani hausikii tena, ndo sababu ya ile mifumo ya breki inayoachia na kubana yenyewe haraka haraka. Umbali wa kusimama unaukadiria hivi: chukua mwendo kwa mita kwa sekunde, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa mbili mara namba ya msuguano mara 9.8. Kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde, lami kavu tuseme 0.7, unapata kama mita 29. Lami yenye maji tuseme 0.4, inakuwa mita 51. Na hapo sijahesabu ule muda wa mguu kufika kwenye breki. Uzito wa gari haupo kwenye hesabu kwa sababu ile ile ya kwenye kitabu. Ila mwendo umezidishwa kwa wenyewe, ukiongeza mwendo mara mbili umbali unakuwa mara nne, na nishati yote hiyo inaishia kuwa joto kwenye breki. Hiyo mara nne ikumbuke, kwenye umeme inakuja tena.

Haya, ukinzani.

Unahitaji maltimita, ile mita ya mafundi ya kupimia umeme, hata ya kawaida kabisa inatosha, na penseli nyeusi, nzuri zaidi ni ile laini yenye alama ya 2B kwenda juu. Chora mstari mnene kwenye karatasi, upana wa nusu sentimita hivi, urefu sentimita 10, rudia rudia mpaka uwe mweusi unaong'aa. Weka mita kwenye omu, ndo kipimo cha ukinzani, anza na kipimo kikubwa, weka ncha mbili za mita kwenye miisho ya mstari. Itasoma, labda maelfu ya omu, labda makumi elfu, inategemea penseli na mkono wako. Sogeza ncha moja mpaka katikati, ukinzani unashuka karibu nusu. Chora mstari mwingine pembeni ugusane na wa kwanza ili upana uwe mara mbili, pima tena, umeshuka tena karibu nusu. Hapo umeshapata sheria ya waya bila kufungua kitabu, urefu unaongeza ukinzani, unene unaupunguza, kilichobaki ni kitu chenyewe kimetengenezwa na nini. Na usishike ncha za mita kwa vidole vya mikono yote miwili wakati unapima namba kubwa, mwili wako nao ni njia ya umeme, utakuwa unajipima wewe. Tena ukitaka jipime kabisa, shika ncha moja kila mkono, mikono mikavu utaona laki na zaidi, halafu lowesha vidole uone inavyoporomoka. Ndo maana umeme na mikono yenye maji havikai pamoja.

Onyo moja hapa na nalisema kwa uzito wote: mita ikiwa kwenye omu isiguse kitu kilichounganishwa na umeme. Kwenye omu mita inatoa umeme wake kidogo kutoka kwenye betri yake, ikikutana na umeme wa ukutani inaweza kulipuka mkononi. Chomoa kwanza, kila mara.

Ukinzani unatoka wapi? Ndani ya shaba kuna elektroni zisizofungwa popote, nyingi ajabu, zinahangaika kila upande, ukiweka volti, yani msukumo wa umeme, zinaanza kusogea pamoja upande mmoja lakini njiani zinagongana na mitetemo ya atomi na uchafu uliomo kwenye shaba, kila mgongano sehemu ya nishati inabaki pale kama joto. Na zinasogea polepole kuliko unavyodhani, kwenye waya wa shaba wa milimita moja ya mraba ukipitisha ampia 1, ampia ni kipimo cha umeme unaopita, ni kama milimita 0.07 kwa sekunde. Taa inawaka papo hapo kwasababu elektroni zimejaa njia nzima, kinachokimbia ni msukumo. Waya ukipata moto atomi zinatetemeka zaidi, ukinzani unapanda, shaba inapanda kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kama una balbu ya zamani ya waya ndani, ya wati 60 na volti 230, ipime ikiwa imetolewa na imepoa, utaona kama omu 60 au 70. Lakini kwa hesabu ikiwaka ni omu 880 hivi. Mara kumi na zaidi, joto tu hilo.

Georg Ohm, Mjerumani, alipata shida na jambo hili la vitu kubadilika badilika, betri za wakati wake zilikuwa haziwezi kushika volti moja, kila akipima namba inahama. Akaziacha, akatumia maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja kwenye maji yanayochemka na mwingine kwenye barafu, tofauti hiyo ya joto inatoa umeme mdogo lakini umetulia kabisa. Kitabu chake kikatoka mwaka 1827, na ndani yake ule uhusiano tunaotumia wote, volti ni ampia mara omu. Mi namheshimu sana kwa uvumilivu ule kuliko hata kwa fomula yenyewe.

Sasa piga hesabu ya ekstensheni yako maana hapa ndo watu wanaunguza nyumba. Ukinzani wa waya wa shaba kwa omu ni takriban 0.0172 mara urefu kwa mita, gawanya kwa unene kwa milimita za mraba. Ekstensheni ya mita 20 umeme unaenda mita 20 na kurudi 20, weka 40. Waya wa 1.5 unapata omu 0.46. Ukivuta ampia 10, volti 4.6 zinapotea njiani na joto ni ampia mara ampia mara omu, wati 46. Waya mwembamba wa 0.75, omu 0.92, wati 92. Na ile mara nne ndo hii, ampia zikiwa mara mbili joto linakuwa mara nne. Wati 92 zikitawanyika kwenye mita 20 za waya ulionyooshwa sakafuni ni uvuguvugu tu, hewa inaubeba. Waya huo huo ukiwa umeviringishwa kwenye gurudumu lake joto halina pa kwenda, tabaka za ndani zinapikana zenyewe mpaka plastiki inayeyuka. Kwahiyo kama unatumia kitu cha kupasha moto, heta, birika, pasi, nyoosha ekstensheni yote hata kama unahitaji mita mbili tu, na usiipitishe chini ya zulia.

Tumefika kwenye skrubu. Tuseme pasi inavuta ampia 9. Pale waya unapobanwa kwenye mguu wa plagi kuna vile vilele tulivyovisema, umeme wote unajibana kupita kwenye vidoti vichache vinavyogusana. Skrubu ikiwa imekazwa vidoti ni vingi vimebonyea vizuri, ukinzani ni sehemu ndogo ya elfu ya omu, hakuna joto la kusema. Ikilegea vidoti vinapungua, tuseme ukinzani umefika nusu omu. 9 mara 9 mara 0.5 ni wati 40. Pasi haitaonyesha dalili yoyote, imepoteza volti 4 na nusu tu kati ya 230. Lakini wati 40 kwenye sehemu ndogo kama punje ya harage, hiyo ni nguvu ya ile pasi ya mafundi redio ya kuyeyushia risasi ya kuungia waya! Na hapo hapo joto linatengeneza kutu ya shaba ambayo haipitishi umeme vizuri, ukinzani unapanda, joto linapanda, metali inatanuka na kusinyaa kila ukiwasha na kuzima, skrubu inalegea zaidi. Inajilisha yenyewe. Fyuzi haikati kwasababu ampia hazijazidi, ziko vile vile, hilo ndo la kutisha.

Angalia sasa, kukaza skrubu ni kuongeza nguvu ya kubana. Nguvu hiyo moja inaongeza msuguano ili waya usichomoke, na inashusha ukinzani ili usichemke, sababu ni ile ile moja, eneo la kweli la kugusana limekua.

Jinsi ya kukagua: tumia kifaa kinachovuta umeme mwingi kwa dakika kumi hivi, zima, chomoa, gusa miguu ya plagi kwa uangalifu kwa mgongo wa kidole. Uvuguvugu sawa. Mguu mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake kuna tatizo pale, na kama plagi ina fyuzi ndani angalia na vishikio vya fyuzi vimelegea au la. Kama mguu wa moto hauna tatizo ndani ya plagi basi ni soketi, vyuma vyake vya kubania vimechoka, utasikia hata plagi inaingia bila kung'ang'ania, msuguano ukiwa mdogo mkononi jua ukinzani ni mkubwa mle ndani. Soketi ya hivyo hairekebishiki, mwite fundi aibadilishe, na mambo ya ukutani kama hujafundishwa usiyaguse.

Ukinzani mdogo wa hivi maltimita ya kawaida haiwezi kuupima kwa omu, waya za mita zenyewe zina omu 0.2 au 0.3, gusisha ncha zake uone. Njia nzuri ni kupima volti zinazopotea kwenye kiungo wakati umeme unapita, na sehemu salama ya kujifunzia ni betri ya gari ya volti 12. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya betri yenyewe, nyingine kwenye kile kibano cha waya kinachoishika, mwenzako apige stata. Stata inavuta ampia 150 na zaidi, kwahiyo hata omu 0.01 inakula volti 1.5. Kibano kizuri kitasoma karibu na sifuri. Ukiona nusu volti na kuendelea, fungua, upande wa hasi kwanza, sugua nguzo na kibano kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, rudisha, kaza, upande wa hasi unarudi mwisho. Magari mengi yanabadilishiwa betri nzima kumbe shida ilikuwa uchafu wa hapo.

Kuna kitu kimoja kinachokaa katikati ya mambo haya mawili na nimekipenda sana, ile penseli. Grafaiti yake inapitisha umeme na pia inateleza, matabaka yake yanapishana kirahisi, ndo maana kwenye mota za drili na mashine nyingi umeme unaingizwa kwenye sehemu inayozunguka kwa vipande vya kaboni. Ukibana kaboni sana inalika haraka na kupasha moto, ukiilegeza inatoa cheche, springi inabidi iwe ya kiasi. Drili ikianza kutoa cheche nyingi kuliko zamani, kagua urefu wa kaboni kabla hujasema mota imekufa.

Na ukifunga waya wa nyuzi nyingi chini ya skrubu, zisokote nyuzi zote pamoja, hakikisha hakuna hata moja iliyobaki nje, kaza, uvute waya kwa mkono uone haujongei. Usiipake risasi ncha hiyo kabla ya kuifunga, najua inapendeza ikiwa ngumu, lakini risasi ni laini, ikibanwa muda mrefu inatiririka taratibu kutoka kwenye mbano na skrubu inalegea bila kuguswa na mtu. Baada ya wiki moja au mbili za matumizi chomoa, fungua tena, jaribu skrubu. Mara nyingi utapata robo mzunguko wa kukaza, kwasababu nyuzi zimeshajipanga.